Kikohozi Kilichotoka Magu

Mayala alizaliwa kabla ya siku zake. Hata alipofikisha wiki saba, mama yake, Paskazia, aliogopa kumpa mtu yeyote ambebe. Ndiyo maana dada yake mkubwa, Dorotea, alipopiga simu kutoka Magu kwamba anakuja kumwona mtoto, alimuuliza kwanza, "Precious hana mafua?"

"Mzima kabisa," akasema Dorotea. Precious alikuwa binti yake wa miaka mitatu.

Walifika Igoma, nyumbani kwa Paskazia, Jumatatu, na jioni ile ile mvua ikaanza. Ilinyesha siku tatu mfululizo, upepo wa ziwani ukirusha maji mpaka ndani, wakafunga madirisha yote. Watu sita, mume wa Paskazia na mama mkwe wakiwemo, walijibana katika vyumba viwili. Precious alishinda kitandani na mtoto, akimbusu mashavu.

Alhamisi Mayala alikataa kunyonya. Ijumaa asubuhi mbavu zake zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Walimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni.

Mama mkwe alipofika wodini hakuuliza mengi. "Nilikukataza kumwogesha kwenye baridi hii. Umemponza mtoto."

Paskazia akalia. Dorotea akampapasa mgongo. "Usijilaumu, mdogo wangu. Hukujua."

Mama mkwe alikuwa ameshaondoka Daktari Dhara alipopita. "Baridi peke yake haileti ugonjwa huu," alisema. "Ni virusi. Mvua ikinyesha tunajifungia ndani, tunavuta hewa moja, ndipo vinaposambaa. Lakini lazima awepo aliyekuja navyo. Nani alikuwa anakohoa nyumbani?"

"Hakuna," Paskazia akajibu.

Dorotea alikuwa anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Mchana Paskazia alirudi nyumbani kuoga. Khanga zake zote zilikuwa mbichi, akafungua begi la dada yake atafute moja. Chini ya nguo alikuta chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki nusu. Kwenye karatasi yake mfamasia alikuwa ameandika jina la Precious na tarehe ya Jumamosi, siku mbili kabla ya safari.

Alirudi nayo hospitali, akamwita Dorotea kwenye korido.

"Ulikuwa unampa lini? Mimi nikiwa jikoni?"

Dorotea aliitazama chupa. "Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Ningekwambia, ungenikataza kuja."

"Ningekukataza, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuja, labda ningekusamehe, dada. Lakini umekaa pale, mama mkwe ananiambia nimemponza mwanangu, na wewe unanipapasa mgongo."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

Hakumwambia. Jumapili alfajiri alimchukua Precious akarudi Magu, akaacha ujumbe kwenye simu kwamba shamba la mpunga linamsubiri.

Mayala alitolewa oksijeni siku ya tano, akaanza kunyonya tena. Paskazia mwenyewe ndiye aliyemweleza mama mkwe, na chupa akamwonyesha. Bibi yule aliisikiliza habari yote, kisha akasema, "Dada yako hawezi kukufanyia hivyo. Ni baridi tu."

Paskazia alikwenda kufungua dirisha.