Hamira Iliyopona

Kazini walimwita Bi Hamira, na wiki hiyo Bi Hamira alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Miaka mitatu mtu anahesabu madoa ya hamira kwenye visahani vya maabara, jamani! Doa jeupe likiwa na kipande chekundu, ujue humo seli zimepoteza jeni. Alitaka kuonyesha kwamba sehemu fulani za kromosomu husalimika kwa sababu kuna protini inayozifunga zikae kimya; ukiiondoa, zinaanza kukatikakatika. Tasnifu ilitakiwa Ijumaa. Ikichelewa, ufadhili umekwisha.

Akarudia hesabu ya mwisho. Hamira iliyoondolewa protini ile ilitoa madoa mawili tu yenye wekundu. Mwanzoni yalikuwa sitini.

Profesa wake alikiinua kisahani kwenye mwanga. "Hamira yako imepona hii. Ulikuwa unaihamishaje kila wiki kwenda kisahani kipya?"

"Nachagua doa zuri, Profesa. Kubwa, la mviringo."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

Profesa akavua miwani, akajifuta uso. Bi Hamira akaelewa. Hamira mgonjwa huota vidoa vidogo, vimekunjamana, havitazamiki. Yale manono ni ya seli zilizokwisha kubadilika na kupata njia nyingine ya kujikinga. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa akiwalea waliopona na kuwatupa wagonjwa aliotakiwa kuwachunguza.

Angeweza kupeleka zile hesabu za mwanzo tu. Nani angejua? Alilifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu, alilifikiria nusu saa nzima. Kisha akafungua friza, akatoa kichupa cha hamira ya mwanzo kabisa, isiyoguswa, akaandika tarehe ya leo kwenye kisahani kipya.

Ndipo akampigia mama yake.

"Ijumaa msije kunipongeza, mama."

"Tumeshakata tiketi, mwanangu! Mimi na dada zako."

"Nimekosea kazi. Naanza upya."

"Upya, upya? Mwaka mwingine?"

"Mwaka, mama. Na ufadhili sina."

Karatasi za tiketi zikasikika zikipanguliwa kwenye simu.

"Dada zako watabaki," akasema mama. "Mimi nakuja. Kwani lazima mtu amalize ndiyo aonwe na mama yake?"

Bi Hamira akakaa sakafuni, na koti lake jeupe, akalia kwa sauti.