Msumari wa Athol

Katika ukumbi wa nyumba ya Merle kulikuwa na msumari mtupu. Mumewe, Athol, aliupigilia mwenyewe kabla ya kulazwa hospitalini, kama alivyozoea, ili picha ya mwaka huu ya fagasi, kichaka cha mlimani ambacho majani yake hugeuka rangi kila Aprili, ikute mahali pake. Athol amekwenda, msumari umebaki. Ndiyo maana Merle, na magoti yake yaliyochoka, alikuwa akipanda Mlima Field mwezi huo wa Aprili, kamera ya marehemu kifuani, wifi yake Glenys akihema nyuma.

"Ndugu yangu angekuwa hai angenibeba," Glenys alisema.

"Angekuacha kwenye gari, wewe."

Walipofika kwenye ziwa dogo la juu, jua lilikuwa kali. Vichaka vya fagasi vilikuwa vimegeuka vyote, manjano, machungwa, wekundu wa kutu. Merle akapiga picha, akapiga tena. Lakini kwenye kioo cha kamera majani yalitoka yamepauka, kama kitambaa kilichoanikwa mno.

"Zote nzuri. Chagua moja twende zetu," Glenys alisema.

"Nikitundika hii atafufuka anitukane."

Merle akaketi juu ya jiwe. Hakuwa na nguvu ya kupanda tena mwakani, alilijua hilo. Na miaka yote aliyokuja hapa hakuwahi kuchungulia kwenye kamera hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kushika mwavuli. Alichokumbuka ni kwamba jua likiwaka Athol alikuwa anakula tu. Wingu likishuka ndipo anapiga magoti chini ya kichaka, naye Merle ananung'unika kwamba ameletwa kulowana.

Basi wakala mkate na jibini, wakangoja. Wingu likashuka, manyunyu yakaanza. Mawe yakawa meusi, na majani yaliyolowa yakakolea rangi kama makaa yaliyopulizwa.

Merle akapiga magoti taratibu, akiuma meno. "Wifi, nishikie mwavuli."

"Kumbe nimeletwa kuwa mtumishi!"

"Kazi hiyo nimeifanya mimi tangu niolewe. Leo zamu yako."

Akaweka jicho kwenye kamera. Mara maji ya baridi yakamwingia shingoni, yakateremka mpaka mgongoni.

"Glenys! Unanimwagia maji!"

"Nimeshika sawasawa! Kamera kavu kabisa. Au nikufunike wewe, kamera ilowe?"

Merle akautazama mwavuli. Hata yeye alikuwa akiushika hivyo hivyo, mbele, juu ya kamera, na kujisifu kwamba tone halijaigusa. Maji ya ukingoni yalikwenda wapi, hakuwahi kujiuliza. Kila mwaka Athol alirudi nyumbani akaanika shati lake karibu na jiko, naye akamgombeza kwa kutofunga koti vizuri. Mwanamume yule alijibu hivi tu: "Ukungu, mama."

"Nisogeze?" Glenys aliuliza, sauti imelegea.

"Acha hapo hapo."

Akabana pumzi kama alivyokuwa akibana mumewe, akabonyeza. Fagasi likatoka jekundu, hai, limeinama kidogo upande wa kushoto.

"Imetoka?"

"Imepinda."

"Tutaipinda nyumba. Inuka, mwenzangu, tuteremke."

"Nipe dakika," Merle alisema. Alibaki amepiga magoti, ameinamisha kichwa, maji yakimdondokea shingoni.