Mkufu Ndani ya Gurudumu

Gari la Mama Vifungo lilikuwa na tabia moja mbaya: likiachwa peke yake, linaondoka. Haliendi mbali. Nyumba yao ilikuwa juu ya mteremko, na gari lilishuka polepole kama mgeni asiyetaka kuaga, mpaka likaegemea ua wa jirani. Mara ya tatu jirani alikuja na tawi lililovunjika mkononi, akaliweka juu ya cherehani ya fundi huyo wa nguo, akaondoka.

Mama Vifungo alijua tatizo. Breki ya mkono ilipanda ta-ta-ta-ta, mara kumi na moja, karibu ifike kwenye kiwiko, na bado haikushika. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na utoto wake wote ulipita akimshikia tochi chini ya magari. Lakini wiki hiyo alikuwa na sare za kwaya nzima za kushona, na shemeji yake akajitolea.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, mtaa mzima ulimwita Injinia, kwa sababu ya maneno yake zaidi ya kazi yake.

"Niachie mimi, shemeji," alisema, akijipiga kifua. "Nafungua magurudumu ya nyuma, nasafisha, narekebisha. Jioni unalichukua."

Saa moja baadaye alirudi na ufunguo, mikono misafi kama ya daktari. Breki sasa ilipanda mara mbili tu, ikakaza. Mama Vifungo alishukuru, akapakia sare zilizokuwa tayari akazipeleka. Njiani gari likawa zito, kama linaburuta gunia. Alipofika akasikia harufu ya kuungua. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu la nyuma, akakirudisha upesi. Moto!

Hapo akaelewa. Injinia alikuwa amekaza nati ya waya ulio chini ya mkono wa breki, basi. Viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu kwa ndani, vilikuwa vinasugua hata breki ikiwa imeshushwa.

Alirudi polepole, akamkuta Injinia kibarazani na kaka yake, anasimulia.

"Kazi ya leo ilikuwa ngumu, kaka. Kutu imejaa humo ndani!"

"Ulifungua yote mawili, shemeji?" Mama Vifungo aliuliza kwa sauti ya asali.

"Yote mawili. Mpaka kwenye chuma."

"Afadhali, maana nilikuwa na wasiwasi. Basi nipe mkufu wangu."

"Mkufu gani?"

"Wa dhahabu. Niliuficha nyuma ya kile kifuniko cha gurudumu. Wezi hawaangalii huko. Ukifungua gurudumu ni lazima utoe kifuniko, sasa uko wapi?"

Mumewe, ambaye hajawahi kumnunulia mkewe dhahabu, alifungua mdomo, akaona jicho la mkewe, akaufunga. Injinia alimtazama kaka, akamtazama shemeji. Akisema alifungua, ni mwizi. Akisema hakufungua, ni mwongo. Jasho likamtoka.

"Shemeji... ukweli ni kwamba sikufungua."

"Hukufungua?"

"Nilikaza nati tu. Naapa, mkufu wako sijauona!"

"Basi utakuwa bado upo. Lete jeki."

Mtu hakuwahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akashusha breki ya mkono, akalegeza ile nati aliyoikaza, akainua gari, akalikalisha juu ya vigogo vinene. Alitoa kifuniko cha kwanza. Hamna kitu.

"Labda uliingia ndani zaidi," Mama Vifungo alisema akiwa amechutama pembeni, tepe ya kupimia shingoni.

Gurudumu likatoka. Ikatoka na ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalofunika viatu. Kutu, vumbi, mkufu hamna.

"Futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize," aliagiza Mama Vifungo. "Sasa zungusha kile kigurudumu chenye meno kinachosogeza viatu. Kidogo. Rudisha ngoma, izungushe kwa mkono. Inagusa?"

"Inagusa kidogo."

"Rudisha jino moja nyuma. Hapo hapo. Sasa upande wa pili, huenda uko huko."

Upande wa pili nao ukafunguliwa, ukasafishwa, ukarekebishwa. Mwisho Mama Vifungo akamwambia akaze waya, taratibu, mpaka mkono wa breki ukapanda mara tano ukashika. Ukishushwa, magurudumu yote mawili yanazunguka bila kikwazo.

Injinia alikaa chini, mweusi kwa grisi mpaka masikioni.

"Shemeji, mkufu haupo."

"Mkufu nitautoa wapi, na mume wangu ndiye huyo kaka yako?"

Mumewe alicheka mpaka akaingia ndani kujificha. Injinia alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamponyoka na yeye, akajifuta uso, akazidi kujipaka.

Walilipeleka gari katikati ya mteremko, wakavuta breki, wakashuka, wakasubiri. Jirani alitoka akasimama mbele ya ua wake, mikono kiunoni. Gari likatulia kama limepandwa pale.

"Nani kalitengeneza?" jirani aliuliza.

"Tumelitengeneza," alijibu Injinia haraka.

Mama Vifungo alimtazama shemeji yake na grisi yake ile, akamwachia sifa hiyo. Akarudi kwenye sare zake.