Saa ya Matangazo

Mama Victorine alikuwa mtu wa kupenda kutengeneza mambo ya wenzake, na kusema kweli kipaji hicho alikuwa nacho. Ndoa ikiyumba pale Mpofi, aliitwa yeye. Katekista akiugua, watoto walifundishwa katekisimu na yeye. Basi redio iliposema kwamba watu wenye silaha wanaojiita askari wa Uislamu wamewachinja wakulima huko kaskazini, Lubero, na minong'ono ikaanza kumzunguka Papa Sumaili, muuza vitenge na Mwislamu pekee wa kijiji, Victorine aliona kazi imemjia. Alimfuata dukani.

"Papa, batu banaogopa. Siku ya Mungu kuya ku eglise, saa ya matangazo. Simama mbele, useme kama weye hauko pamoja na bale bauaji."

Mzee aliweka chini kitenge alichokuwa anakunja. "Miaka makumi mbili na sita niko hapa. Habanijue?"

"Banakujua, Papa. Lakini sema tu, batulie."

Akasema, masikini. Jumapili hiyo kanisani, baada ya komunyo, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la kikao cha wamama, Papa Sumaili alisimama mbele ya altare, kofia mkononi, akaeleza kwamba hajachinja mtu. Watu wakapiga makofi, hebu fikiria, makofi! Victorine akarudi nyumbani kifua mbele, akala vizuri.

Hata wiki tatu hazikuisha, wakaingia wale wengine. Waliingia mchana kweupe, siku ya soko, rozari shingoni, misalaba imechorwa kwa chokaa kwenye vitako vya bunduki. Walijiita Askari wa Msalaba. Kiongozi wao aliamuru soko zima lipige magoti, akaanzisha Salamu Maria. Victorine, magoti kwenye matope kati ya mihogo iliyomwagika, aliitambua sauti kabla ya kuuona uso. Alikuwa Magloire, aliyekuwa mwanafunzi wake wa katekisimu, yule aliyeshika sala zote upesi kuliko wenzake. Na siku hiyo pia hakukosea hata neno. Alipofika Amina, wakampiga risasi Isidore wa duka la dawa kwa kuwanyima ufunguo. Kisha wakalivunja duka la Sumaili, na mkono wake wa kulia.

Siku mbili Victorine hakutoka nje. Aliona haya, haya ya kumkosesha hata usingizi. Hivi ndivyo nilivyomfundisha? Akajijibu hapana, akaapa hapana: hakuna ukurasa wa katekisimu ile unaomruhusu mtu kumuua Isidore. Jibu lilikuwa la kweli kabisa, lakini kila alipolirudia alimwona yule mzee amesimama mbele ya altare, akijibu vilevile. Siku ya tatu akaenda kwake.

Sumaili alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kwa kitambaa.

"Karibu, Mama. Kaa."

Hakukaa. "Papa, Siku ya Mungu nitasimama saa ya matangazo. Nitasema kama bale habako bakristu."

"Minajua habako. Nimeishi na bakristu, minabajua."

"Hata kama. Nitasema mbele ya batu bote."

Mzee alisogeza mkono, uso ukajikunja kwa maumivu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kuna muntu alikuomba usimame?"

Victorine alitafuta. Padri alikuwa amekuja kumpa pole. Majirani walimletea unga. Mjane wa Isidore mwenyewe, aliyejua vizuri nani alimfundisha Magloire kusali, alimkumbatia wakalia pamoja. Tangu siku ile ya soko hakuna aliyemwangalia kwa jicho baya, hakuna aliyenong'ona alipopita akija hapa. Kwa kila mtu Magloire alikuwa mwizi na muuaji, basi, na sala zake hakuna aliyezihesabu.

"Hakuna, Papa. Hata mumoja."

"Miye pia sikuombe."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema kijiji kiliogopa, kwamba nyakati zilikuwa mbaya, na mzee angekubali, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukubali.

"Ni weye njo uliombwa na muntu," alisema, macho chini. "Na ni miye njo nilikuombaka usimame."