Kichwa na Mkia wa Barua

Mjumbe Garland Tisdale wa bunge la jimbo alikuwa na majibu manne tu kwa dunia nzima, na Orlene Skaggs, katibu wa ofisi yake, aliyajua yote kama Baba Yetu. La kwanza la wanaoshukuru, la pili la wanaolalamika, la tatu la wenye shida, la nne la wanaotukana. Kila mara Mjumbe alipotuma taarifa zake kwa wananchi wa bonde, barua zilirudi ofisini kama kunguru kwenye mahindi, na Orlene alimaliza kujibu arobaini kabla ya chakula cha mchana. Siri yake? Alisoma mstari wa kwanza na wa mwisho. "Samaki hukaguliwa kichwa na mkia," alipenda kujisifu. "Katikati ni miiba tu."

Taarifa ya mwezi uliopita ilihusu afya ya akina mama na afya ya akili. Leo Mjumbe alipiga simu kutoka makao makuu ya jimbo.

"Bi Orlene, taarifa ijayo inataka mama mwenye furaha. Nitafutie mmoja, hai, mwenye mtoto mnene."

"Hai ndiyo rahisi, Mjumbe. Furaha ndiyo hatuuzi huku."

Orlene alicheka, akafungua faili la wanaoshukuru. Barua ya juu ilikuwa ya Shaylee Crump wa Kijito cha Lick, ya wiki tatu nyuma. Ilianza: *Asante Mjumbe kwa kutukumbuka akina mama.* Ikaisha: *Mungu akubariki.* Kwa mara ya kwanza Orlene akasoma katikati.

*Tangu wodi ya wazazi ifungwe, kliniki ni mwendo wa saa mbili na gari sina. Mtoto ana wiki sita. Silali. Namsikia akilia hata akiwa amelala. Kuna siku naona angelelewa vizuri zaidi bila mimi. Ile namba ya simu ya msaada mliyosema mtaiweka kwenye taarifa sikuiona. Naomba mnitumie.*

Pembeni, kwa mwandiko wa Orlene mwenyewe: jibu la kwanza.

Alipiga namba ya Shaylee. Haikupokelewa. Alichukua funguo akaendesha kupanda mlima, akiomba kwa sauti, yeye ambaye kanisani huenda kwa ajili ya keki.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo mwenye mtoto begani.

"Ingia, bibie. Weka popote penye nafasi." Akaitazama mikono ya Orlene. "Ah. Umekuja mikono mitupu."

Meza, jiko, hata viti vilijaa mabakuli ya makaroni na jibini, viazi, kuku na wali, kila moja limebandikwa jina la mwenyewe ili lirudishwe. Orlene hakuhitaji kuuliza. Bondeni, vyakula vingi namna hiyo huja kwa jambo moja tu.

"Lini?" alinong'ona.

"Tumemzika Jumamosi. Mimi ni Dreama, mama yake Shaylee." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Vyombo hivi ni kumi na saba. Alipokuwa hai hakuletewa hata mkate. Sasa anakula nani?"

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, kulikuwa na barua yenye nembo ya jimbo. *Asante kwa maneno yako ya kutia moyo.* Saini ya Mjumbe, iliyopigwa na mashine.

"Hiyo ilimchekesha," Dreama alisema. "Mara ya mwisho nilipomwona akicheka. Akasema, 'Mama, naona niliandika kwa adabu mno.' Hivi, nani huandika haya mambo?"

Orlene angeweza kusema ofisi. Angeweza kusema mashine.

"Mimi," alisema. "Sikusoma katikati."

Dreama alimkabidhi mtoto, akakunja mikono ya sweta, akafungulia maji.

"Kaa naye basi. Vyombo vya watu lazima virudi."

Mtoto alikuwa mwepesi. Akaanza kulia, na safari hii kilio kilikuwa cha kweli. Mfukoni simu ikatetemeka. Orlene aliipokea kwa mkono mmoja.

"Bi Orlene! Umempata mama yetu?"

"Nimempata, Mjumbe. Njoo mwenyewe, na uje na taulo la kukaushia. Vyombo ni kumi na saba."