Tani Sita na Nusu

...niongeze au nitoe, ananiuliza Bi Wiebke, na koleo la sukari limesimama juu ya kisahani changu chenye vidonge viwili, swali la kila Alhamisi saa kumi alasiri hapa jikoni kwangu, nami leo siwezi kulijibu, kwa sababu kati ya birika la kahawa na keki ya siagi aliyoileta ipo karatasi ya mwisho ya historia ya utumishi wa nyambizi yetu, chama cha mabaharia wastaafu wa Kiel kiliniomba niiandike mimi niliyekuwa mhandisi wake wa kwanza, nami nimeiandika kwa utaratibu, mwaka baada ya mwaka: ilishushwa majini mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na moja, tani mia tano ikiwa chini ya maji, injini za mafuta ya taa zilizotoa moshi mweupe hata adui akatuona kabla hatujamwona, safari kumi na tisa, meli tatu ilizozizamisha, watu ishirini na saba... imebaki sentensi moja tu, sababu ya kupotea kwake, na anayengoja kuisikia ni mjane wa Hinrich Tamm, ingawa anasema amekuja kwa ajili ya kahawa, "na kahawa yenyewe inapoa, Bwana Asmussen," anasema, inapoa, ndiyo, hata kasi ya kupoa kwake naweza kuikokotoa, nilipima kila kitu mimi, niliwapima watu kwenye mizani ya viazi kabla ya kila safari, kwani nyambizi yenyewe ni mizani, mtu mmoja akitoka nyuma kwenda mbele pua inainama, nikaandika kila gunia lililopungua na kila lita iliyoungua, nao wakanicheka, "Profesa, nimekunywa kikombe cha maji, usisahau kuandika!" na mpishi akadakia, "Keshakwenda haja huyo, futa!" na Mzee, ndivyo tulivyomwita kapteni wetu ijapokuwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye bomba... kisha akaja Tamm, kutoka meli za kawaida za juu ya maji, mtu mnene mwenye masikio mekundu, akapanda mizani, nikamsomea tisini na nane, "Andika tisini, Profesa, mke wangu asije akajua," na mke wake ndiye huyu, anazungumza, nasikia nusu, "...leo asubuhi kwa mwoka mikate, mmoja akamnong'oneza mwenzake, ndiye huyo, mke wa yule aliyefungua maji, miaka kumi na sita sasa, Bwana Asmussen! Nikawaambia, mume wangu alikuwa mnene, hakuwa mjinga," hakuwa mjinga, hapana, alikuja kitandani kwangu hospitalini, nilikuwa nimepasuliwa kidole tumbo na yeye ndiye wa kushika nafasi yangu safari ile, akalichukua daftari langu la mizani kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa watu, akauliza, "Kuna lolote la kuniambia?" nami nikamjibu, kwa majivuno ya mtu aliyesoma chuo kikuu, "Yote yamo humo, hesabu haihitaji maneno," haihitaji maneno... maji ya Bahari ya Kaskazini yana chumvi nyingi, yanakibeba chombo, maji yetu ya Baltiki yana chumvi haba, chombo kilekile kinakuwa kizito, tofauti ni tani sita na nusu, ukitoka nyumbani unaongeza maji kwenye matangi, ukirudi nyumbani unatoa, nami katika ukurasa wa thelathini na mbili niliandika sita nukta tano, basi, bila alama ya kujumlisha wala ya kutoa, kwa maana nilijua, nani huandika kwamba moto unaunguza, mimi nilijua, Tamm alikuwa na wiki mbili kwenye nyambizi... Novemba mwaka wa kumi na tano wakarudi, wakafanya mzamio wa kupima kama ilivyo desturi kila maji yanapobadilika, akafungua ukurasa wangu, akasoma sita nukta tano, akaziingiza, sita na nusu zilizopaswa kutoka na sita na nusu zilizoingia, jumla kumi na tatu, nayo ikashuka kama nanga mpaka mwamba ukaipasua... wakaiopoa kiangazi kilichofuata, tume ya uchunguzi ikakuta tangi limejaa, ikaandika: kosa la mhudumu wa vali, na daftari wakaniletea mimi kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye jalada, nikalikausha karatasi moja moja juu ya jiko, penseli haiogopi maji, ukurasa wa thelathini na mbili ulisomeka wote, sita nukta tano, na mbele yake nafasi nyeupe ya upana wa punje ya shayiri... limo kwenye droo hii, hapa, chini ya meza, linagusa goti langu... Alhamisi ya kwanza alikuja kuniuliza kama Hinrich aliteseka, nikasema hapana, akaja tena, tangu dada yangu afariki hakuna mwingine anayebisha mlango huu, Alhamisi mia nane, ukiacha tatu alizougua, na kila Alhamisi nimeweka kikombe changu cha kahawa upande mmoja wa mizani na jina la mume wake upande mwingine, na mimi, mtu wa vipimo, nikaona kikombe ni kizito zaidi... nikimwambia, Alhamisi ijayo ni sifuri, hilo sina shaka nalo, nilidhani nayahifadhi haya kwa ajili yake, ili asilie upya, kumbe kila wiki nimekuwa nikiongeza, tone juu ya tone, na chombo kinashuka, na ndani yumo yeye, peke yake, na mimi nimekaa nchi kavu na mizani yangu... "Bwana Asmussen, jamani! Mkono unachoka. Niongeze au nitoe?" koleo bado liko juu, vidonge bado viwili, mvuke bado unapanda kikombeni, ni neno moja tu, ndilo lilelile ambalo sikuliandika, na goti langu linaisikia droo, na vidole vyangu vimeshapata kishikio chake, toa, Bi Wiebke, nasema, toa...