Siku Takyi Alipotaka Kufukiza Pango

Habari ya kufukiza pango ilifika kibandani kwangu kabla ya kumfikia chifu. Si ajabu, anayekula fufu kwangu hula na habari. Takyi mwindaji alikuwa ameshakusanya matairi mabovu na pilipili kavu. Kesho angewasha moto mlangoni, popo wote wafe pamoja na maradhi yao yaliyotangazwa redioni.

Dufie, binti wa kijijini kwetu aliyesomea maradhi, mwaka wa nne sasa anawapima popo hao damu. Alisikia akiwa na tonge mkononi, akaondoka bila kunawa, moja kwa moja kwa chifu. Nikafunga kibanda, nikamfuata. Ningekosaje?

Kwetu hakuna anayesema na chifu, Nana kama tunavyomwita, moja kwa moja. Maneno hupitia kwa msemaji wake, Badu, ayapambe kwanza. Takyi, aliyeitwa mbele ya watu waliokwisha kukusanyika, aliuliza kwa dharau, kama popo wamejaa virusi vya kuua, mbona wao hawafi? Dufie akamgeukia Badu.

"Mwambie Nana, mara nyingi kinachotuua si virusi peke yake. Mwili wetu ukiviona hupagawa, ukachoma kila kitu. Popo hana pupa hiyo. Walinzi wa mwilini mwake wako macho saa zote, wanavibana visizaane ovyo, lakini nyumba hawachomi. Ila mtie hofu na njaa, walinzi wanalegea, virusi vinamwagika kwenye mkojo na mate."

Badu akakohoa, akaiweka sawa fimbo yake.

"Nana, popo ni mama mwenye nyumba aliyejaza wapangaji wakorofi. Anawajua, amewabana. Sasa Takyi anataka kumchomea nyumba. Hao wapangaji watahamia wapi, kama si kwa Takyi?"

Watu wakacheka. Mke wa Takyi, ubavuni kwangu, alicheka kuliko wote.

Takyi akajitetea kwamba pango lina mlango mmoja, hatoki popo hata mmoja. Dufie akajibu taratibu kuwa lina matundu saba, amepanda akayahesabu, na mawili yako juu ya chemchemi tunayokunywa.

Hapo kicheko kikakatika. Chifu akamnong'oneza Badu, naye akatangaza: moto hakuna, kuwinda popo hakuna, na kwa kuwa Takyi anazijua njia zote za wawindaji, mlinzi wa pango ni yeye.

Alinuna siku mbili. Ya tatu nilimkuta akiwafukuza wawindaji wenzake, akiwaeleza habari za walinzi wa mwilini kana kwamba ndiye aliyesomea. Mimi nyama ya popo nimeshaacha kuiuza kibandani. Mteja anayelalamika namwelekeza kwa Takyi.